Mkono wa Mzee Nane

Jina analo, tena zuri, alilopewa na bibi yake mzaa mama, lakini tangu aingie kiwanda cha sufuria hakuna aliyewahi kulitumia. Pale kiwandani ni Chapchap. Walimpachika wiki yake ya kwanza, na wala hawakukosea. Ukila naye, ukigeuka tu kuchukua chumvi, unakuta sahani yake imeshaoshwa na kufunikwa. Akifua, kamba inajaa nguo kabla jirani hajamaliza kuroweka za kwake. Mumewe ni fundi baiskeli, ana banda dogo ubavuni mwa nyumba, na yeye kwa upole wake wateja hujua kabisa kwamba ukipeleka tairi kwake uende na kiti cha kukalia. Hupenda kusema kwamba siku Mungu alipogawa haraka, wao wawili walipewa fungu moja, na mke akawahi kulichukua lote.

Kiwandani alikaa kwenye presi, mashine za kugongea mifuniko. Kazi yenyewe ni hii. Unachukua duara la bati, unaliweka juu ya kalibu ya chini, unatoa mkono, unakanyaga pedali. Kalibu ya juu inashuka kwa kishindo, na ikipanda bati limekwisha kuwa mfuniko wa sufuria. Unautoa, unaweka bati jingine. Ukiisikia hivi unaona ni kazi ya mtoto. Ugumu wote uko pale nilipotaja kutoa mkono, maana hapo ndipo vidole vya watu vilipobaki.

Msimamizi wa chumba kile aliitwa Mzee Nane, na huhitaji kuelezwa kwa nini. Viwili vya mkono wa kushoto viliondoka ujanani mwake, kimoja kikiwa na pete ya ndoa. Mwenyewe alifanya mzaha. Chanda chema huvikwa pete, alisema, lakini chake kilikuwa chema kupita kiasi, kikaondoka nayo. Mkewe, mama wa watu, hakuwahi kuucheka mzaha ule hata mara moja. Mtoto wao wa kiume, aliyemshuhudia baba akirudi nyumbani na mkono umefungwa kitambaa, aliapa hatakanyaga kiwandani, akajifunza ufundi wa baiskeli. Ndiye mume wa Chapchap. Kwa hiyo Mzee Nane alikuwa msimamizi wake na baba mkwe wake pia, na ndiye aliyemfundisha presi kabla hata hajawa mkwe. Wapo waliosema mzee alimtafutia kijana wake mke palepale kazini, kwa kumtazama mikono. Hilo si kweli, walikutana kwa sababu ya pancha, ila mzee hakulikanusha kwa kuwa lilimfurahisha.

Basi Chapchap alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mguu wake ulianza kukanyaga wakati mkono ungali njiani kutoka. Wengine walitoa mkono, wakatulia, ndipo wakakanyaga. Yeye hakutulia. Mkono na mguu vilipishana kwa nafasi ndogo mno, na ukisimama nyuma yake roho inakuwa juu. Mzee Nane alimsema mpaka akachoka. Aliambiwa haraka haraka haina baraka, akajibu kwamba baraka zake huja na vidole kumi, na vyote anavyo.

Ndipo macho yakaanza kuingia kiwandani.

Kwa jina rasmi ni vihisi mwanga, na fundi wa mitambo, binti mmoja mwenye miwani na subira nyingi, alijitahidi sana watu wayaite hivyo. Hakuna aliyemsikiliza. Ni kidude kidogo tu, kadiri ya kiberiti, kinachotoa mwanga upande mmoja, na upande wa pili kuna kioo chekundu kinachourudisha. Mwanga ukirudi, kidude kinajua njia ni nyeupe. Kitu kikikatiza, mwanga haurudi, na mashine inapata habari. Watu wakakiita jicho na mambo yakaishia hapo. La kwanza lilifungwa kwenye ufungashaji, likahesabu maboksi bila kusinzia. La pili likawa kwenye tanuri la rangi. Jingine likawekwa mlango wa ghala, ukawa unafunguka wenyewe mtu akisogea, na mfagiaji, mzee mwenye adabu zake, akawa kila akipita anauambia asante. Baada ya muda huwezi kutembea hatua kumi pale bila kuonwa na kitu.

Mwisho yakafika kwenye presi. Kila mashine ilifungiwa jicho nguzo ya kushoto ya mdomo wake na kioo nguzo ya kulia. Mkono ukiwa ndani mwanga unakatika, na hapo hata ukikanyaga pedali kwa miguu miwili, kalibu haishuki.

Watu hawakuamini. Kitu kidogo kile, kisichosema, ndicho kizuie chuma kizito namna ile? Walikitazama kwa chati, wengine wakaendelea kufanya kazi kwa woga zaidi kuliko zamani. Fundi alileta fimbo nyeusi ya kujaribia, akamwonyesha Mzee Nane namna ya kuiingiza kila asubuhi kabla ya kazi kuanza. Mzee akaipokea kwa heshima zote, akaitundika ukutani, na hapo hapo akakunja shati, akaingiza mkono wake mwenyewe mdomoni mwa presi ya kwanza. Tena wa kulia, ule mzima. Mmoja akauliza kwa nini asitumie wa kushoto, ambao hata hivyo umeshaliwa. Mzee akasema rehani huwekwa kitu kizima. Kisha akamwambia mwenye presi akanyage. Yule bwana akakanyaga huku amegeuza uso, na presi haikushuka.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi Mzee Nane anapita presi moja baada ya nyingine, anaingiza mkono, anasema kanyaga, mwenye presi anakanyaga, mashine inakataa, mzee anasogea kwa mwingine. Fundi alilalamika sana juu ya fimbo yake. Mzee alimjibu kwamba fimbo haina mke nyumbani, kwa hiyo watu hawawezi kuiamini. Na kweli, baada ya siku chache chumba kizima kilipoa. Watu waliuona mkono wa mzee unatoka mzima kila asubuhi, wakaanza kufanya kazi mabega yameshuka. Mimi nasema hakuna maelezo ya kitaalamu ambayo yangefanya kazi ile.

Aliyeumia ni Chapchap peke yake. Jicho lilikuwa halimwelewi kabisa. Mguu wake ulifika kwenye pedali mkono ukiwa bado ndani, presi ikakataa, ikabidi anyanyue mguu na kukanyaga upya. Kila mfuniko ukawa na kigugumizi. Wanawake aliokuwa anawaacha mbali wakamfikia, kisha wakampita, na jirani yake wa presi ya kulia, Mama Mapacha, ambaye alikuwa rafiki yake wa kweli na kwa hiyo hakuwa na huruma, akaanza kumwita Polepole. Chumba kikacheka. Naye alicheka, lakini jina lile lilimuuma. Mtu ana vitu vingapi vya kujivunia duniani? Yeye hakusoma sana, nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, sauti ya kuimba hana. Alikuwa na mikono tu, na sasa kidude cha ukubwa wa kiberiti kinamwambia isubiri.

Kulihadaa jicho hakufundishwa na mtu. Aliliona mwenyewe. Siku moja alitoa mfuniko ukiwa umelala upande, unang'aa, na ijapokuwa ulikuwa katikati ya mwanga, presi ilikubali pedali. Akalifikiria jambo lile jikoni jioni ile na kitunguu mkononi. Jicho halitafuti mkono wala mfuniko. Linatafuta mwanga wake urudi, na bati linalong'aa linaweza kuurudisha. Kumbe ukiliwekea kitu cha kuurudisha pale pale karibu na pua yake, halitaona kingine chochote, liko radhi kujitazama kutwa. Akaingia bandani kwa mumewe, akachagua katika kopo kile kioo chekundu kinachofungwa nyuma ya baiskeli ili gari likuone. Mumewe alimuuliza anakipeleka wapi. Akasema cha kazini, jambo ambalo halikuwa uongo.

Akakifunga kwa waya upande wa ndani wa nguzo, mahali ambapo macho ya mpita njia hayafiki. Kila siku alikiweka mzee akishamaliza kupita, na jioni kabla ya kuondoka alikitoa. Haraka yake ikarudi. Mama Mapacha akalikunja jina la Polepole akaliweka kabatini. Mzee Nane alisimama nyuma yake siku moja, akatazama, akasema ameona watu wakijifunza mambo mapya lakini si kwa kasi ile, na alisema kwa fahari kabisa. Sifa ile ilimchoma Chapchap kidogo. Ila kidogo tu. Alijiambia mkono ni wake na vidole ni vyake, na kama kuna hasara itakuwa ya kwake mwenyewe.

Sasa siku moja alasiri alipigiwa simu kutoka shuleni. Kitinda mimba wake ameanguka ukutani, kidevu kimepasuka, damu haikatiki. Mama gani atakumbuka waya? Alivua aproni akiwa anakimbia, na chumba kizima kikamtakia heri. Mtoto alishonwa, akalia, akapewa peremende na kila aliyepita, na usiku akawa na homa kidogo. Asubuhi ilimkuta mama mtu hajalala vizuri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Chapchap akachelewa.

Alipoingia, mzee alikuwa ameshaanza kupita. Alikuwa kwenye presi ya tatu kutoka kwake, mkono umo ndani, anasema kanyaga. Chapchap akafunga aproni, akakaa, akachukua kitambaa afute mashine. Ndipo macho yake yakaangukia kile kioo chekundu kwenye waya wake, palepale alipokiacha.

Alipeleka vidole kwenye waya akijifanya anafuta nguzo. Waya ule alikuwa ameuzoea, huufungua huku anaongea, lakini asubuhi ile vidole vyake vilikataa kumsikia. Vilikuwa vinene, vinateleza, havishiki kitu. Alisikia mzee amefika presi ya pili. Akavuta, waya ukajikaza zaidi. Mama Mapacha akamuuliza mtoto anaendeleaje, akajibu neno ambalo hata yeye hakulijua. Alisikia presi ya jirani yake wa kushoto ikikanyagwa na kukataa, na viatu vya mzee vikasogea mpaka ubavuni kwake.

Akamwamkia. Mzee akaitikia, akauliza mjukuu wake ameamkaje, kama homa imeshuka na kama nyuzi zinamwasha. Alikuwa mtu wa kuuliza kwa moyo, anasubiri jibu. Na wakati anauliza alikuwa ameshakunja shati, na mkono wa kulia ulikuwa umeshaingia, umelala juu ya kalibu ya chini, kiganja juu, vidole vyote vitano vimetulia.

"Kanyaga, mwanangu," akasema.

Mguu wa Chapchap ulikuwa juu ya pedali. Ngoja niseme ukweli wake wote, kwa sababu nampenda na hapungukiwi kitu kwa kuusema. Lilimjia wazo. Angeweza kugusa pedali kwa ncha ya kiatu tu, bila kuikandamiza. Presi isingeshuka. Mzee angedhani imekataa, angetoa mkono, angesogea, na waya ungefunguliwa kwa nafasi. Hakuna ambaye angejua. Alilitazama wazo lile lote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akaitazama pedali, ambayo ilikuwa kuukuu na imelegea, ambayo siku nyingine huitikia hata kabla hujaiamuru. Akanyanyua mguu. Akanyanyua na wa pili, akaikunja yote miwili chini ya kigoda kama mtu anayekwepa maji.

"Siwezi, baba. Toa mkono."

Mzee hakuelewa. Alidhani ni usingizi, akaanza kumwambia aende akapumzike. Mkono ulikuwa bado mle.

"Toa mkono kwanza, baba. Nakuomba."

Akautoa. Chapchap akachukua glavu yake ya ngozi iliyokuwa juu ya rundo la mabati, akaiweka mahali palepale mkono ulipokuwa, vidole vimekunjuka. Akashusha mguu, akakanyaga. Presi ikashuka kwa kishindo kile kile cha siku zote, isipokuwa asubuhi ile kilisikika chumba kizima, kwa sababu kazi ilikuwa haijaanza na kila mtu alikuwa ametulia. Ikapanda. Glavu ilikuwa imekuwa nyembamba mithili ya karatasi, ukingo wa kalibu umeikata vidole vyote kwenye mashina yake.

Chapchap akainama, akafungua waya, na sasa ulifunguka kwa mguso mmoja. Akakiweka kile kioo chekundu kwenye kiganja cha baba mkwe wake. Hakujitetea. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hakuyafuta. Alikuwa anangoja kuambiwa achukue vitu vyake aende, na kwa haki kabisa aliona hilo lingekuwa jepesi kuliko kurudi nyumbani na kumtazama mumewe, mtoto wa mtu huyu, ambaye ndiye mwenye kopo la vioo.

Mzee Nane alikigeuza kioo, akakitambua. Akauliza ni tangu lini. Akaambiwa ni siku nyingi, ila hukitoa kila jioni, na jana ilikuwa mambo ya mtoto. Mzee akatikisa kichwa taratibu. Akasema mchana watakwenda wote wawili kwa fundi wa mitambo, Chapchap atamweleza mwenyewe kwa kinywa chake, na adhabu itakayotoka ataitumikia bila yeye kumwombea. Akakitia kioo mfukoni. Kisha akakunja tena lile shati, ambalo lilikuwa limeteremka, na akaingiza mkono ndani ya presi.

Chapchap alishtuka kiasi cha kusimama. Akamwambia safari hii, kwa jina la Mungu, atumie fimbo.

"Kaa," mzee akasema, kwa upole. "Nyinyi mnadhani kila asubuhi naiamini taa ya hilo jicho. Taa ni kitu cha dukani, inaharibika, inahadaiwa, umeionyesha mwenyewe. Mimi nilikuwa naamini miguu yenu. Leo nimejua mguu wako ulivyo. Kaa, mwanangu, kanyaga."

Akakaa. Akaurudisha mguu juu ya pedali. Akaomba dua fupi, isiyo na mpangilio, akakanyaga mpaka chini kabisa.

Presi haikushuka. Alibaki ameikandamiza vile vile, hathubutu kuachia, mpaka mzee alipoutoa mkono wake na kumgusa bega kwa ule wa vidole vitatu, akamwambia inatosha. Halafu akasogea kwa Mama Mapacha, maana zamu ilikuwa yake, na kazi haiwezi kukaa inangoja.

Tangu desturi ile ianze, asubuhi zote, macho ya Chapchap huwa kwenye pedali. Ya kila mtu huwa kwenye pedali, au kwenye ule mkono. Asubuhi ile, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kufanya lolote, alimtazama mzee usoni. Alimwona akikunja shati, akimtania Mama Mapacha kuhusu mapacha, akiingiza mkono na kuulaza juu ya kalibu. Kisha Mzee Nane akafumba macho. Akayafumba kwa nguvu, uso mzima umejikunja, kama mtoto anayengoja sindano, na ndipo akasema, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, "Kanyaga."